Nyumba ya Vyumba Sita Kando ya Barabara ya Morogoro

Kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010, watatu waliingia. Hesabu hiyo imo katika tathmini ya Benki ya Dunia ya mwaka 2019 kuhusu Tanzania Bara, na inavunja mazoea yetu ya kuwataja "watu wa hali ya chini" kana kwamba ni kabila lenye mtaa wake na mababu zake. Umaskini una mlango, na watu wanapishana mlangoni mwaka hadi mwaka: huyu anatoka amepakia matofali kwenye guta, yule anaingia na godoro na ndoo zake.

Dar es Salaam inalionyesha jambo hili waziwazi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 1991/92 ulikuta watu 28 kati ya kila 100 jijini wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 walibaki kama 4. Ulipofika utafiti wa 2017/18, umaskini wa Tanzania Bara kwa jumla ulikuwa umeshuka kidogo, kutoka 28 hadi 26 kwa kila 100, lakini wa Dar ulikuwa umepanda hadi 8. Mstari wenyewe ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama Sh 1,640 kwa siku. Kwa nauli za daladala za miaka ile, kwenda kazini na kurudi kulimaliza karibu nusu yake, mtu hajanunua hata kipimo cha unga.

Ni nani hao waliorudi chini, na walianguka kwa lipi? Takwimu zinawahesabu bila kuwasimulia. Simulizi yao iko mitaani, na sehemu kubwa imeandikwa kwa udongo, bati na matofali. Mji huu umekua kwa kuzifuata barabara zake kuu, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, na kila enzi imeacha mtaa wake pembeni. Nikachagua ya Morogoro. Nilianzia Mnazi Mmoja nikaelekea magharibi hadi Kimara, nikichepuka pale historia ilipochepuka, mkononi nina kazi za watu waliozihesabu kaya za mji huu kabla yangu.

Mnazi Mmoja leo ni bustani, na watu wanapumzika chini ya miti yake wakisubiri jua lipoe. Enzi za mkoloni ulikuwa uwanja ulioachwa wazi kwa makusudi: upande huu Uhindini, upande ule mji wa Waafrika, katikati nafasi ya kuzuia watu na magonjwa yao yasivuke. Ng'ambo yake ni Kariakoo. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndiko jina la mtaa lilikotoka. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki vitabuni. Uingereza haikuimaliza kuilipa kwa warithi wao, ingawa ilidaiwa kwa miaka. Kwa hiyo mtaa wa Waafrika ulioongoza kwa umaarufu katika miji yetu yote ya Bara unabeba jina la familia zilizoingia kwenye ufukara kwa njia ya kale kabisa, yaani mlishaji amekufa na haki yake haikufika nyumbani.

Walionusurika na waliokuja baada yao waliikuta bandari na reli. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na Dar ilikuwa na kazi. Lakini mshahara wa kikoloni ulipangwa kwa kipimo cha kapera. Serikali na makampuni walihesabu kwamba mfanyakazi ana chumba kimoja, tumbo moja, na kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la Uzaramo, Rufiji au Unyamwezini. Mtu akithubutu kuileta familia mjini, hesabu ilimkataa. Mwaka 1931 ofisa wa serikali, E. C. Baker, aliandika ripoti kuhusu hali ya maisha ya mji huu katikati ya mdororo wa dunia, na picha inayojitokeza ni ya watu wanaoishi kwa deni: wanakopa dukani, wanaweka nguo na vyombo rehani kwa Mhindi, wanavikomboa siku ya mshahara, wanavirudisha kabla mwezi haujaisha. Kanga ya sikukuu iliweza kulala kwenye duka la rehani mara nyingi kuliko ilivyovaliwa.

Miaka zaidi ya 30 kabla ya Baker, tajiri mmoja wa Uingereza aitwaye Seebohm Rowntree alikuwa ameupitia mji wa York nyumba kwa nyumba, mwaka 1899, akaona jambo ambalo watawala wetu wangeweza kulisoma kama wangetaka. Kibarua wa York alikuwa maskini utotoni, akapata nafuu alipoanza kazi, akazama tena watoto wake walipokuwa wadogo, akainuka walipoanza kuchuma, akazama mara ya mwisho uzeeni. Mtu yule yule, mtaa ule ule, mshahara ule ule, ila umri wa kaya ndio uliobadilika. Mshahara wa kapera uliopangwa Dar ulikuwa na maana kwamba kila mtoto aliyezaliwa mjini alikuwa ngazi ya kushuka.

Makuli wa bandari walilielewa hilo bila kitabu. Waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, na mgomo wa Septemba 1947 ulitoka bandarini ukapanda na reli hadi miji ya bara. John Iliffe, mwanahistoria aliyeandika juu yao, anaonyesha jinsi mgomo ule ulivyowaletea nyongeza ya kweli na kuanza kuwageuza vibarua wa siku kuwa wafanyakazi wenye ajira. Ukitafuta kaya za Dar zilizotoka kwenye umaskini kwa mshahara, anza na za makuli wale. Hazikuwa nyingi.

Nyingi zaidi zilitoka kwa nyumba.

Hapa nikachepuka kwenda Ilala, mtaa uliopimwa na Waingereza baada ya Kariakoo kuanza kujaa, kwa sababu huko nyumba ya Kiswahili bado inaonekana kwa ukamilifu wake, ijapokuwa maghorofa yanaisogelea. Mbele kuna baraza. Mlango uko katikati, unaingia kwenye ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani. Vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Uani kuna jiko, bafu na choo, mara nyingi na banda la vyumba viwili lililoongezwa baadaye. Katika nyumba moja niliyosimama ukumbini, kila mlango ulikuwa na pazia lake, ndoo yake yenye mfuniko na jiko lake la mkaa lililosogezwa ukutani. Ukutani kulikuwa na mita moja ya LUKU, na juu yake karatasi yenye namba za vyumba na zamu za kununua umeme. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele kinachotazama barazani. Vitano vilikuwa na wapangaji.

J. A. K. Leslie, aliyefanya utafiti mkubwa wa mji huu mwaka 1956, alizikuta nyumba kama hizi zikiwa ndiyo mhimili wa maisha ya Waafrika wa Dar. Wenye nyumba hawakuwa matajiri wa mbali. Walilala humo humo na wapangaji wao, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi. Njia ya mwanamke kuipata nyumba ilikuwa ndefu. Alianza na vitumbua, maandazi au pombe. Akajenga chumba kimoja cha fito na udongo, juu makuti au madebe yaliyonyooshwa, akakipangisha, kodi ikajenga cha pili. Mwanamke aliyeachika mara mbili na asiyejua kusoma akawa, kufikia miaka 45, na kipato ambacho hakuna bosi wa kukikata. Si ajabu kwamba Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwahamasisha wanawake wa Dar kuingia TANU mwaka 1955, alipita kwenye vikundi vya ngoma, na Susan Geiger, aliyezikusanya simulizi zao, aliwakuta wengi wakiwa watu wazima, walioachika, wasiosoma sana shule, wenye shughuli zao na baadhi wenye nyumba zao. Uhuru wetu ulipangwa pia kwenye ukumbi wa nyumba ya vyumba sita.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya umaskini wa mjini huandikwa kama historia ya mishahara, na kwa Dar huko ni kutazama upande mmoja. Mwaka 1957 ndipo kima cha chini cha mshahara kilipowekwa hapa mjini. Baada ya Uhuru, Tume ya Chesworth ya 1962 ilikipandisha hadi Sh 150 kwa mwezi, na kwa mara ya kwanza mtu wa kazi ya kawaida aliweza kufikiria kuishi na familia yake mjini. Ilikuwa hatua kubwa na ya haki. Lakini waajiri walijibu kwa kupunguza watu, na mji ulikuwa unajaa: wakazi kama 69,000 mwaka 1948, zaidi ya 128,000 mwaka 1957, zaidi ya 272,000 mwaka 1967. Wengi wa hao wapya hawakuwahi kuiona hiyo Sh 150. Walikiona chumba, na mwenye chumba.

Ukirudi Barabara ya Morogoro na kushuka kutoka kituo cha Fire unafika Jangwani, bonde la Mto Msimbazi. Ni eneo fupi, dakika chache kwa mwendokasi, lakini halistahili kupitwa haraka. Watu walijenga humu kwa sababu bonde liko karibu na Kariakoo, na ukaribu ni fedha: asiyelipa nauli anakula mara mbili. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Serikali iliwahamisha wengi wa waathirika hadi Mabwepande, kaskazini kabisa mwa mji, wakapewa viwanja. Kiwanja ni mali. Ila fundi viatu wa Kariakoo, mama wa mchicha na mbeba mizigo wa Jangwani walipopata ardhi huko walipoteza wateja wao siku hiyo hiyo, na baadhi walirudi bondeni, safari hii wakiwa wapangaji. Mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 zikaja alama za X nyekundu na mabuldoza. Sibishi kwamba bonde lile ni hatari. Ninachosema ni kwamba kaya ilianguka mara mbili, mara ya kwanza kwa maji na mara ya pili kwa uokozi, na katika hesabu za kitaifa yote mawili yanaonekana kama namba moja iliyopanda kidogo.

Ukishavuka mto uko Magomeni. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilianza kubomoa nyumba za udongo na makuti hapa na kujenga za matofali ya saruji. Nia ilikuwa njema, na atakayeziona nyumba zile atakubali zilikuwa imara. Lakini nyumba moja mbovu iliondoka na ikaja nyumba moja nzuri, idadi haikuongezeka, na wapangaji waliokaa vyumba vya nyuma walijikuta nje wakitafuta pa kwenda. Mpango ule ulikoma kabla ya miaka ya 1970. Ndipo vijia vya Manzese, mbele kidogo kwenye barabara hii hii, vikaanza kujaa watu ambao Magomeni iliwatema.

Magomeni ina fundisho jingine, la karibu zaidi. Kota zake za zamani zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kaya 644 zikatawanyika kwa ahadi ya kurudishwa. Machi 2022 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua maghorofa mapya ya nyumba 644. Muongo mmoja hivi. Ndani ya muda huo mtoto wa darasa la kwanza anamaliza kidato cha nne. Babu anakufa kwenye chumba cha kupanga Mbagala. Mama mwenye meza yake ya mihogo ya kukaanga anapoteza kona aliyoifanyia biashara tangu ujana. Nyumba zilizorudi ni nzuri kuliko zilizoondoka. Kaya zilizorudi si zote zile zilizoondoka.

Kisha Manzese. Katikati ya miaka ya 1970 serikali na Benki ya Dunia walibadili mwendo: badala ya kubomoa, wakapima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na huku Manzese wakaingiza barabara, maji na taa katikati ya nyumba zilizokwisha kujengwa. Katika yote niliyoyasoma kuhusu njia hii, huu ndio uamuzi wa serikali ninaouona uliwatoa watu wengi zaidi kwenye umaskini kwa gharama ndogo zaidi, kwa sababu uliiacha nyumba mikononi mwa aliyeijenga. Aliyepata kiwanja Sinza akiwa karani wa kawaida, akakishikilia, wajukuu wake leo wanakula kodi ya fremu za maduka.

Muda si mrefu nchi ikaingia kwenye dhiki. Ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 mshahara ulipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua. Watu wa rika langu na walionitangulia wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kitambulisho cha kazi wakakamatwa mitaani warudishwe vijijini, wakati kazi yenyewe yenye kitambulisho ilikuwa haiwezi kulisha mtu wiki mbili.

Kwa hesabu ya mshahara mji mzima ulipaswa kufa njaa. Haukufa. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyezunguka Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alieleza kwa nini: kaya ziliacha kumtegemea baba mwenye ajira. Mke alipika, alishona, alifuga kuku. Mwalimu alikuwa na ng'ombe wawili uani, daktari alikuwa na banda la nguruwe, karani alilima mchicha kando ya Msimbazi. Baba aliendelea kwenda ofisini kwa sababu ya jina, matibabu na nyumba ya serikali, lakini fedha iliyolisha kaya ilitoka kwenye "miradi", na miradi ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Serikali ikakubali yaishe: mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata ruksa ikawa jina lake.

Uani ndipo palipookoa kaya za miaka ile, na uani ni sehemu ya nyumba. Aliyepanga chumba kimoja hakuwa na pa kufuga wala pa kuweka jiko la maandazi ya kuuza. Dhiki ile ile ilimpandisha mmoja na kumzamisha jirani yake, na kilichowatenga ni nani alikuwa na hati ya ule uwanja wa mita kumi kwa kumi nyuma ya choo.

Mbele ya Manzese, kabla ya Ubungo, ndipo kilipojengwa kiwanda cha Urafiki kwa msaada wa China, kikafunguliwa 1968. Kizazi kizima cha vitenge na kanga za nchi hii kilitoka humo, na maelfu ya kaya za mtaa huu zilipanga maisha yao kwa king'ora cha zamu. Miaka ya 1990 ikaleta kubinafsisha mashirika ya umma na kupunguza watumishi. Neno "kupunguzwa" liliingia kwenye kila nyumba ya njia hii. Waliopunguzwa walipewa kiinua mgongo, na hapo kaya zikagawanyika tena. Waliokipeleka kwenye tofali na bati wakapona. Waliokipeleka kwenye duka la kwanza maishani mwao, bila uzoefu, wengi walikula mtaji ndani ya mwaka.

Mwaka 1993, katikati ya wimbi hilo la kupunguzwa, uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Karibu karne moja kabla yake, Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, alikuwa ametoa fedha ya hospitali kwa ajili ya watu wa mji huu wasio Wazungu, na jina lake bado liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Baada ya Uhuru, matibabu ya serikali yalikuwa bure kwa karibu miaka 30. Kisha hesabu ikabadilika, na ikabadilika wakati Ukimwi ulikuwa ukijaza wodi hizo hizo.

Anirudh Krishna wa Chuo Kikuu cha Duke amekusanya simulizi za maelfu ya kaya India, Kenya, Uganda na Peru, akiwauliza watu wakumbuke kila jirani alikuwa na hali gani miaka 25 iliyopita na imekuwaje. Anachokikuta kila mahali ni kwamba sababu za kupanda na sababu za kushuka ni tofauti. Watu hupanda kwa kuongeza chanzo cha pili au cha tatu cha kipato. Hushuka kwa ugonjwa, kwa gharama za hospitali, kwa mazishi, na kwa deni lililokopwa ili kulipia hayo. Ukimwonyesha ofisa wa mpango wa mikopo kaya iliyoanguka, atasema inahitaji mtaji, na kumbe mtaji ilikuwa nao mpaka usiku ule mtoto alipopasuliwa.

Kila mkazi wa Dar anaijua foleni ya kuuza vitu ugonjwa ukiingia nyumbani. Kwanza televisheni. Halafu friji, na friji ikiondoka biashara ya barafu na juisi imeondoka nayo. Halafu bodaboda, ambayo ilikuwa ajira ya kijana wa nyumbani. Halafu kiwanja cha Chanika kilichokuwa kinalipiwa kidogo kidogo. Kikoba kinasaidia, na heshima yangu kwa kina mama wa vikoba ni kubwa: lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti, limefanya kazi ambayo benki nyingi hazikuithubutu. Ila mfuko wa jamii wa kikoba humudu msiba, haumudu figo. Inapofika hapo wanaingia wakopeshaji wa kausha damu, wenye marejesho ya kila siku, na kaya iliyokuwa na mgonjwa sasa ina mgonjwa na mdai mlangoni. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Katika hatua zote zilizowahi kuchukuliwa dhidi ya umaskini wa miji yetu, ikitekelezwa kwa dhati, hii inaweza kuzuia maanguko mengi kuliko mkopo wowote wa halmashauri.

Njia yangu iliishia Kimara. Huko watu walinunua mashamba miaka ya 1980 na 1990, wakajenga polepole, tofali kwa tofali, wengi wao wakiwa wale wale waliotoka vyumba vya Magomeni na Manzese. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizo kando ya barabara hii zilibomolewa kupisha upanuzi wake kuelekea Kibaha, wamiliki wake wakiambiwa zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara pana inahitajika. Lakini mtu wa miaka 60 ambaye mafao yake yote yamekuwa kifusi hana miaka mingine 20 ya kujenga upya. Huyo ameingia kwenye umaskini bila kuacha kazi, bila kulewa, bila kuugua.

Na kuna anguko la kimya kuliko yote, lisilo na buldoza. Mzee amefariki, nyumba ya vyumba sita ina warithi tisa, hakuna wosia wala msimamizi, dalali ana mteja wa ghorofa. Inauzwa. Kila mmoja anapata fungu lisilotosha kiwanja chenye maji, na mama aliyeishi humo miaka 40 anahamia kwa binti yake Gongo la Mboto. Kariakoo na Ilala zimepoteza kaya zao nyingi za asili kwa namna hii. Sheria haijamsaidia sana mama huyo. Kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu katika mali ya mumewe mbele ya watoto na ukoo. Katika ndoa iliyovunjika, ilibidi tusubiri hadi 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ndipo Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iseme kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika nyumba ile, maana mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Waliofaidika ni waliokuja baada yake.

Kanuni hizo za 1963 zifutwe. Wanawake, wanasheria na Tume ya Kurekebisha Sheria wamelisema hilo kwa muda mrefu vya kutosha. Wakati tunasubiri, wewe unayesoma, kama mzazi wako ana nyumba Ilala, Magomeni, Manzese au Kimara, mwulize Jumamosi hii karatasi zake ziko wapi na zimeandikwa jina la nani. Kama ni leseni ya makazi, angalia kama muda wake umekwisha na ukaihuishe. Mwombe aandike wosia mbele ya mashahidi, na jina la mama liwemo. Kama amekwisha kufariki na mirathi haijafunguliwa, chukua cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya serikali ya mtaa, nenda Mahakama ya Mwanzo kabla dalali hajafika na mteja.